Rehema ya Mahakama na Rehema ya Toba: Kusoma *Mabepari wa Venisi* katika Nchi ya Uhehe

Utangulizi

Mwaka 1969 Mwalimu Julius K. Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa kwa Kiswahili tamthilia ya William Shakespeare na kuipa jina *Mabepari wa Venisi*. Hiyo ilikuwa tamthilia ya pili ya mwandishi huyo kupita mikononi mwake, kwani mwaka 1963 alikuwa amekwisha kuitafsiri ile ya Julius Caesar. Tangu wakati huo wasomaji wengi wa Kiswahili wameijua habari ya Shylock, mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake, na habari ya Portia, mwanamke aliyevaa mavazi ya mwanasheria akasema maneno mazuri juu ya rehema.

Kwa sababu ya maneno hayo, tamthilia hii mara nyingi husifiwa kuwa ni kielelezo cha msamaha. Makala hii inakusudia kuchunguza kama sifa hiyo ni ya haki. Hoja yetu ni kwamba katika tamthilia hii rehema inahubiriwa vizuri sana, lakini upatanisho haupatikani. Nao haupatikani kwa sababu hakuna aliyekosa anayesimama mbele ya aliyemkosea na kuungama kosa lake. Baada ya kuonyesha hayo tutaleta jambo la historia ya Nyanda zetu za Juu Kusini, yaani habari ya fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo nalo liliandikwa katika hati ya kisheria. Msomaji wa Igowole, aliye safari ya saa chache tu kwa basi kutoka Kalenga, hana haja ya kwenda Venisi ili ajue tofauti iliyopo kati ya deni kulipwa na watu kupatana.

1. Jina la tamthilia na kisa chake

Shakespeare aliiandika tamthilia hii kati ya mwaka 1596 na 1598, nayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1600. Jina lake la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Mwalimu aliuweka wingi: mabepari. Neno bepari lilifika kwetu kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Lakini ilipofika mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kupata maana nyingine ya mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Hatudai kuijua nia yote ya mfasiri. Hata hivyo, wingi huo unamsaidia msomaji. Unamkataza kumkalisha Shylock peke yake katika kizimba cha washitakiwa, na kumwacha Antonio akae na watakatifu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bassanio anataka fedha ili aende kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafiki yake Antonio hana fedha mkononi, maana mali yake yote iko baharini katika merikebu. Basi Antonio anakuwa mdhamini, na Shylock, Myahudi mkopeshaji, anatoa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu. Hataki riba. Anataka hati iandikwe kwamba fedha isipolipwa siku ya ahadi, yeye atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zinakuja kwamba merikebu zimepotea. Siku ya ahadi inapita. Shylock anaidai nyama yake.

Kabla ya hati hiyo kuandikwa kuna mazungumzo mafupi ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemwita mbwa mbele ya watu sokoni, na kwamba amemtemea mate juu ya vazi lake. Antonio hakanushi, wala hatafuti udhuru. Anajibu kwamba huenda atamwita hivyo tena na kumtemea tena, na kwamba Shylock akikopesha, na akopeshe kama anayemkopesha adui, ili ahadi ikivunjwa aweze kumdai bila haya. Hapo ndipo chanzo cha ugomvi kilipo. Hati ya ratili ya nyama imeandikwa juu ya mate yasiyofutwa. Baadaye tena Jessica, binti wa Shylock, anatoroka na kijana Mkristo akichukua vito na fedha za baba yake, na rafiki za Antonio wanacheka. Tangu saa hiyo Shylock hasikii neno la mtu.

2. Mahakamani

Katika tendo la nne watu wote wanakutana mbele ya Mtawala wa Venisi. Bassanio yuko tayari kulipa deni mara mbili; Shylock anakataa. Portia, akidhaniwa kuwa mwanasheria kijana, anakubali kwamba hati ni halali, kisha anamsihi Shylock awe na rehema. Anamwonyesha kwamba rehema haiwezi kulazimishwa, kwamba humbariki anayetoa na anayepokea pia, na kwamba hakuna mwanadamu atakayeokolewa kwa haki peke yake. Maneno hayo ni mazuri, na mhubiri wa Injili hawezi kuyapinga.

Shylock anashika sheria, na sheria inamgeukia. Portia anamruhusu kukata nyama, ila asimwage hata tone moja la damu, wala asizidishe wala kupunguza uzito. Kisu kinashuka. Ndipo inapoletwa sheria nyingine ya mji: mgeni akithibitika kutafuta kumwua raia, nusu ya mali yake huenda kwa raia huyo, nusu nyingine kwa serikali, na uhai wake huwa mikononi mwa Mtawala.

Tuangalie sasa namna wenye kuhubiri rehema wanavyoitenda. Mtawala anamwachia Shylock uhai wake kabla hajaombwa. Antonio anaomba asamehewe faini ya serikali, lakini yeye mwenyewe ataishika ile nusu nyingine kwa ajili ya kijana aliyetoroka na Jessica. Tena anaweka masharti mawili: Shylock aandike kwamba akifa mali yake yote itawaendea binti yake na mkwe wake, na awe Mkristo. Mtawala anaongeza kwamba akikataa, hata ule msamaha wa uhai utaondolewa. Shylock anasema ameridhika, anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri, na hatumwoni tena mpaka mwisho.

Yapo maelezo ambayo hatuna budi kuyataja kwa haki. Wengi wa watazamaji wa London wa wakati ule waliamini kwamba asiyebatizwa hana wokovu. Kwa hiyo sharti la Antonio liliweza kuonekana kwao kuwa ni wema wa kuiokoa roho ya adui. Tena watu hao walikuwa na nafasi ndogo ya kuwajua Wayahudi kwa macho, maana Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290. Nao Wayahudi wa Venisi halisi walilazimishwa kukaa katika mtaa wao wa peke yao tangu mwaka 1516. Lakini hata tukiyakubali hayo, swali linabaki. Portia alisema kwamba rehema haiwezi kulazimishwa. Dakika chache baadaye ubatizo unalazimishwa kwa tishio la kifo. Sakramenti ambayo ni zawadi ya neema imefanywa kuwa adhabu ya mahakama.

3. Kosa lisiloungamwa

Ukiri wa Augsburg wa mwaka 1530 hufundisha katika kifungu cha kumi na mbili kwamba toba ina sehemu mbili: majuto ya moyo kwa ajili ya dhambi, na imani inayoupokea msamaha. Tukiipima tamthilia kwa kipimo hicho, tunaona upungufu wa pande zote mbili. Shylock hajuti, ameshindwa tu. Kushindwa si toba. Anaondoka mahakamani akiwa amenyang'anywa silaha, si akiwa amebadilika.

Lakini upungufu mkubwa zaidi uko kwa Antonio. Katika tamthilia nzima hakuna neno moja ambalo Antonio anamwambia Shylock kwamba yale mate yalikuwa kosa. Anaokolewa na kifo, anapata nusu ya mali ya adui yake, na merikebu tatu alizodhani zimepotea zinafika salama. Wala kosa lake la kwanza halitajwi na hakimu yeyote. Mahakama inamtaka aliyedhulumiwa awe na rehema, isimtake mdhulumu aungame. Shylock amekuwa mdhulumu kwa kisu chake, na kisu hicho hakina udhuru. Lakini alikuwa mdhulumiwa kwanza, na jambo hilo hakuna aliyelipatanisha.

Tofauti inaonekana wazi katika tendo la tano. Bassanio ametoa pete ambayo aliapa mbele ya mkewe kwamba hataivua. Anakiri kosa, anaomba radhi, anaapa upya. Na Antonio anajitoa kuwa mdhamini tena, safari hii si kwa mwili wake bali kwa roho yake. Portia anasamehe, na watu wanaingia nyumbani kwa furaha. Basi mwandishi anajua kabisa msamaha unavyokwenda: kosa linatajwa, mkosaji anaomba, aliyekosewa anaachilia, mtu wa tatu anasimama katikati. Ila anauonyesha kati ya mke na mume, katika jambo la pete. Kati ya Mkristo na Myahudi, katika jambo la utu wa mtu, haupo. Kusamehe walio wetu ni kwepesi. Bwana wetu alikwisha kuuliza tunapata thawabu gani tukiwapenda wanaotupenda tu.

4. Hati nyingine: fuvu la Kalenga

Sasa tuje kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa lilikivamia kikosi cha Wajerumani. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa pamoja na wengi wa askari wake. Wajerumani walirudi wakaibomoa ngome ya Kalenga mwezi wa Oktoba 1894. Mkwawa alipigana vita vya maficho kwa karibu miaka minne zaidi, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani.

Msomaji wa *Mabepari wa Venisi* atashtuka anapofika mwaka 1919. Katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni mwaka huo, kifungu cha 246 kiliagiza kwamba Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika. Sehemu ya mwili wa mtu imeandikwa katika hati, ikapewa muda wa kulipwa, kama ile ratili ya nyama. Nayo haikulipwa kwa wakati. Miaka zaidi ya 30 ilipita. Ndipo Gavana Edward Twining alipolitafuta fuvu hilo katika jumba la makumbusho la Bremen, akalichagua moja kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo na alama ya risasi, na mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Wako wanahistoria waliotia shaka kama fuvu hilo ni lenyewe. Lakini kwa Wahehe lilipokelewa kama kichwa cha mkuu wao, nalo limehifadhiwa pale Kalenga.

Lilikuwa tendo la heshima, wala hatulidharau. Lakini tuulize swali tulilouuliza mahakamani Venisi: nani aliungama nini? Aliyelirudisha fuvu siye aliyelichukua. Mwingereza alimlipisha Mjerumani aliyeshindwa, kisha akamkabidhi Mhehe aliyekuwa chini ya utawala wake yeye mwenyewe. Deni lililipwa kupitia mikono ya mtu wa tatu, na yule aliyekata kichwa hakusimama mbele ya wana wa marehemu na kusema neno. Hati ilitimizwa, upatanisho ulibaki ukingoja.

Tena, kama katika tamthilia, hakuna upande uliokuwa safi kabisa. Kabla ya Wajerumani, majeshi ya Uhehe yalikuwa yamewafukuza Wasangu wa Merere kutoka katika nchi yao, na majirani wengine pia waliujua mkuki wa Uhehe. Ndiyo sababu Wajerumani waliwapata Wasangu kuwa wasaidizi wao. Anayeitaka historia hii kwa ajili ya upatanisho hana budi kuitaka yote, si ile sehemu tu ambayo babu zake ndio walioonewa. Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Neno lililokosekana mwaka 1954 lilianza kusikika baada ya miaka mingi, na mahali pengine. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akakutana na wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zao. Neno hilo halikufufua mtu, wala halikurudisha mabaki yote yaliyochukuliwa. Lakini kwa utaratibu wake lilitofautiana na mkataba wa Versailles: lilisemwa na mrithi wa waliotenda, kwa vinywa vyao wenyewe, mbele ya warithi wa waliotendwa. Kukubali au kutokubali kuliachwa mikononi mwa wale wazao, na hapo ndipo panapopaswa kuwa.

5. Kanisa nalo katika kizimba

Ingekuwa rahisi kwa Kanisa kuzisoma habari hizi kama mtazamaji tu. Lakini mwaka ule ule wa vita vya Lugalo, 1891, wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa. Na baada ya ngome ya Kalenga kuanguka, njia ya Injili kuingia Uhehe ilipita mahali palepale ilipopita njia ya dola. Tunamshukuru Mungu kwa Injili. Hatulazimiki kushukuru kwa ajili ya bunduki zilizotangulia.

Hata kuhusu Shylock, Kanisa la Kilutheri lina neno la kuungama. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika juu ya Wayahudi maandiko makali, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Budapest mwaka 1984, ulipokea tamko la kuyakataa maneno hayo. Rais wa Fungamano aliyekuwa akimaliza muda wake katika mkutano huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 2010, huko Stuttgart, Fungamano hilo lilifanya jambo lililo wazi zaidi: liliwaomba Wamenno msamaha kwa mateso ambayo Walutheri waliwatesa mababu zao wa imani katika karne ya 16. Wamenno walikuwapo, wakasikia, wakajibu kwa msamaha. Karibu miaka 500 ilikuwa imepita, na hakuna aliyesema kwamba ni kuchelewa mno.

Kwetu huku jambo hili si la makumbusho wala la mikutano mikuu peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji, na kazi yake ni kusuluhisha. Katika nchi kama Mufindi, ambako shamba la chai na la miti ni urithi wa watoto, ndugu huketi mbele ya wazee kwa ajili ya mpaka wa hatua chache. Wazee wa Kanisa nao huketi na wanandoa na majirani. Kishawishi cha kila msuluhishi ni kile cha mahakama ya Venisi: kumgeukia aliyeumizwa na kumwambia asamehe upesi ili kikao kiishe. Hapo methali hutolewa, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema kwa mahali pake. Lakini mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzia wapi ataganga nini? Anayesamehe kwa kulazimishwa huondoka kama Shylock: amesema ameridhika, na kumbe hajisikii vizuri.

Maandiko yanaonyesha utaratibu mwingine. Katika Mathayo sura ya 5, anayeambiwa aiache sadaka yake madhabahuni na kwenda kupatana ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Hatua ya kwanza ni ya mkosaji. Katika Luka sura ya 19, Zakayo anataja kosa lake na malipo yake yeye mwenyewe, mara nne, bila kuandikiwa hati. Katika Mwanzo sura ya 33, Yakobo anamwendea Esau akiinama mara saba. Na Esau, ambaye angeweza kudai, anamkimbilia na kumkumbatia. Hatufundishi kwamba aliyekosewa azuie msamaha mpaka mkosaji aje. Msamaha wa Mungu hututangulia sisi sote. Tunachosema ni kwamba msamaha unaweza kutolewa na mtu mmoja, ila upatanisho unahitaji wawili, na mmoja wao hana budi kusema: nilikosa.

Hitimisho

*Mabepari wa Venisi* ni tamthilia inayostahili kusomwa katika shule na vyuo vyetu, wala tusiiache kwa sababu ya upungufu tuliouonyesha. Tuisome pamoja na upungufu huo. Sheria iliweza kukizuia kisu kisimkate Antonio, na hilo si jambo dogo. Sheria iliweza pia, baada ya miaka mingi, kulirudisha fuvu Kalenga. Panapokosekana sheria, wenye nguvu hukata nyama ya wanyonge bila hata kuandika hati. Lakini kazi ya sheria inaishia hapo.

Kwa hiyo tunawashauri walimu na wachungaji wanaoitumia tamthilia hii wasiishie katika hotuba ya Portia. Warudi nyuma mpaka tendo la kwanza, penye mate juu ya vazi la Shylock, wawaulize wanafunzi wao: nani alipaswa kusema neno hapa, na lini? Na msuluhishi anayeketi kesho katika baraza la kijiji au la usharika, kabla hajamwomba aliyeumizwa asamehe, na amwulize kwanza aliyeumiza kama ana neno la kusema. Kisha angoje jibu, hata kama kikao kitachelewa.